Biashara ya Kimya Kati ya Kwanza na Malakisi

Bibi zangu wawili walibadilishana vyakula kwa miaka mingi bila kuonana wala kusalimiana. Nilikua nikidhani kila familia ina mambo kama hayo.

Mama mzaa baba tulimwita Cucu. Yeye na babu walihamia Kwanza, karibu na mji wa Kitale, kutoka Mkoa wa Kati wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa, wakanunua kipande chao pamoja na Wakikuyu wenzao. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Cucu akabaki na mahindi yake, viazi vyake, na bonde dogo la nduma, yaani magimbi, kando ya kijito. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa kanisa, na akikasirika alinyamaza kabisa. Tulijua hasira yake kwa jinsi alivyokunja leso.

Mama mzaa mama tulimwita Kukhu. Yeye alikaa Malakisi, upande wa Bungoma, katika familia ya Wabukusu, wakulima wa tumbaku. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alicheka hata peke yake jikoni. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kibanda cha kukaushia tumbaku, na harufu yake iliingia kwenye kila kitu: mablanketi, nywele zetu, hata unga wa uji.

Baba alikutana na Mama sokoni Malakisi. Alikuwa amepeleka mahindi huko mwaka ambao mvua iliwanyima, naye Mama alikuwa akipima simsim kwa gorogoro, kile kikopo cha kupimia nafaka. Baba alinunua simsim ambayo hakuwa na haja nayo, wiki iliyofuata akaja kununua nyingine. Mambo yalipofika mahali pa kuleta wazee, Cucu aliandamana nao hadi Malakisi, na hapo ndipo palipoharibika.

Kukhu aliwachinjia kuku. Kwa watu wa Bungoma hilo halihitaji maelezo. Mgeni akichinjiwa kuku ameheshimiwa, na asipokula amekuambia jambo zito kuliko tusi. Cucu alipowekewa sahani mbele yake alisema, "Mimi nimeshiba," akaisukuma kando. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri na kila mtu alijua hajaonja kitu. Kukhu aliiondoa sahani ile mwenyewe, taratibu, akawapa watoto wa jirani. Ndoa ilifungwa, lakini wamama wale wawili hawakukanyagiana uwanja tena.

Vikapu vilianza nilipozaliwa. Kukhu alimtumia Mama unga wa wimbi wa uji, simsim ya kukaanga, na kamaleya, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi huko Mlima Elgon. Vyote vilikuja Kwanza, tulikoishi na Cucu, ndani ya kikapu cha matete kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Cucu alitoa kila kitu, akakianika kikapu juani ili harufu ya tumbaku ipungue, kisha akasimama akikitazama.

"Chombo cha watu hakirudi kitupu," alimwambia Mama.

Akakijaza viazi na nduma. Mama alimuuliza kama kuna salamu za kupeleka. Cucu akasema viazi vinatosha.

Basi ikawa hivyo. Kila mtu wa familia aliyekwenda Malakisi alibeba kikapu, na kila aliyerudi alirudi nacho kikiwa kimejaa. Hakuna aliyetuma neno. Lakini walisomana vizuri kuliko watu wanaoandikiana. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga shamba, viazi vya Cucu vikatoka vidogo kama mayai ya kware. Kukhu alivipokea, akaviangalia kimoja kimoja. Kikapu kilichofuata kilikuwa na simsim juu juu tu, na chini yake majani ya maboga yamejazwa kama godoro. Cucu alipoyaona alitabasamu kwa mara ya kwanza katika biashara hiyo.

"Ameona viazi vyangu," akasema, na karibu ilikuwa sifa.

Safari nyingine Kukhu alichanganya majani machache ya tumbaku na wimbi, nadhani ili wadudu wasiingie. Cucu alilalamika, ati mtu anamletea mlokole tumbaku. Lakini hakuyatupa. Aliyapeleka kwenye ghala la mahindi akayaweka katikati ya magunia, na baadaye nilimsikia akimwambia jirani yake kwamba mwaka huo fukusi wamepungua. Tangu siku hiyo nduma za kupeleka Malakisi zilichaguliwa zile kubwa.

Nilipoingia sekondari nilipelekwa shule ya bweni Bungoma, na kazi ya vikapu ikawa yangu. Shule ikifungwa nilipitia Malakisi, nikalala kwa Kukhu siku kadhaa, kisha nikaelekea nyumbani na mzigo. Ikifunguliwa nilipita tena. Wasichana wenzangu walileta masanduku ya bati yenye biskuti na mafuta ya nywele. Mimi niliripoti shuleni nikinuka tumbaku na viazi.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wetu wa historia alipotufundisha falme za kale za Afrika. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, na darasa zima lilipaswa kunyamaza ili lisikie. Alichora jangwa ubaoni kwa chaki, upande mmoja chumvi na upande mwingine dhahabu, na katikati akaandika Ghana. Akatuambia watu wa kusini walikuwa na dhahabu lakini chumvi ilikuwa adimu kwao, na mtu hawezi kutia dhahabu kwenye mboga. Tulicheka. Akaeleza jinsi wafanyabiashara walivyofika kando ya mto, wakapanga chumvi yao chini, wakapiga ngoma, wakaondoka wasionekane. Wenye dhahabu walikuja, wakaweka dhahabu kando ya kila fungu, nao wakaondoka. Wale wa kwanza wakirudi na kuridhika, wanachukua dhahabu na kwenda zao. Wasiporidhika, wanaacha kila kitu kilivyo na kusubiri nyongeza.

"Hawakuonana uso kwa uso," mwalimu akasema. "Hawakujua lugha moja. Lakini hawakudanganyana, kwa sababu kila upande ulitaka mwingine arudi tena."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliinua mkono.

"Mwalimu, nyumbani kwetu tunafanya hivyo."

Darasa lilicheka hadi mtu akagonga dawati. Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki chini na kuniambia nisimame nieleze. Nikawaeleza habari za Kwanza na Malakisi, viazi vidogo, majani ya maboga na fukusi. Nilipomaliza, alikuna kidevu.

"Sasa niambie. Katika hadithi yako, Ghana ni nani?"

Nilifikiri. Ghana haikuchimba chumvi, wala machimbo ya dhahabu hayakuwa kwake, mwalimu alikuwa amesema. Ilikaa katikati, ikalinda njia, na kila punda aliyepita na mzigo alilipiwa ushuru.

"Ni mamangu," nikasema. "Kila kikapu kikipita anatoa chake kwanza. Akiona viazi vinapangwa kikapuni anachemsha baadhi yake kabla hata havijahesabiwa."

Hapo mwalimu naye alicheka. Kisha akatufundisha jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu. Alisema tusidhani falme na biashara ni mambo ya Afrika Magharibi peke yake. Pale karibu, Mumias, palikuwa na ufalme wa Wanga, na misafara kutoka pwani ilipumzika huko ikinunua chakula na pembe za ndovu. Majembe ya wahunzi wa Samia yalitembea kutoka mkono hadi mkono mpaka kwenye mashamba ya watu ambao hawakuwahi kumwona Msamia. Akatupa kazi ya likizo: kila mmoja amuulize mtu mzima wa kwao, zamani watu wa kwenu walibadilishana nini, na nani.

Nilianza na Kukhu. Nilimkuta akipanga majani ya tumbaku kwenye fito, nikakaa chini kumsaidia.

"Nyanya yangu alikuwa anaenda mlimani," akaniambia. "Anabeba wimbi kichwani, na vyungu. Kule wanampa asali, kamaleya, na udongo wa chumvi wa ng'ombe kutoka mapangoni. Wanaume wa huku na wa kule walikuwa wanaibiana ng'ombe, wanapigana kabisa. Lakini mama akipita na mzigo, hakuna mtu anamgusa. Hata kama bwana yake jana alirusha mkuki."

"Kwa nini?"

"Si wote wanakula? Ukimpiga huyo, kesho utakula nini?" Alicheka na kunikabidhi fungu jingine. "Rete kamba."

Kukhu, kama watu wengi wa kwao, alizichezea l na r apendavyo, na hadi leo nikiagiza kitu haraka nasema "rete".

Nilipofika Kwanza nilimuuliza Cucu swali lile lile. Alikuwa akimenya viazi na hakuinua macho. Aliniambia mama yake, na mama ya mama yake, walikuwa wakivuka mpaka kwenda kwa Wamaasai wakiwa wamebeba vibuyu, unga na ngwara, yale mafungu ya tumbaku, wakirudi na ngozi na kondoo. Wanaume wa pande zote mbili walikuwa vitani. Wanawake walipita katikati, wakiongozwa na mtu aliyejulikana kote, na hakuna moran aliyewagusa.

"Hivyo hivyo ndivyo Kukhu amesema," nikamwambia. "Nyanya yake alipita kwenda mlimani wakati wa vita."

Kisu kilisimama juu ya kiazi.

"Yeye pia?"

"Eee. Na wimbi kichwani."

Cucu alimenya kiazi kile hadi kikaisha, akachukua kingine. Kisha akaniuliza, "Alikuwa anaenda peke yake ama na wengine?" Lilikuwa swali la kwanza alilowahi kuuliza kuhusu watu wa Malakisi. Nilimwambia sijui, nitauliza. Nilipouliza, Kukhu naye akataka kujua kama kondoo wa Wamaasai walikuwa na mkia mnene. Tangu hapo, kila safari nilibeba maswali pamoja na viazi. Niliona raha ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa kama kusikia watu wakizungumza katika chumba cha pili baada ya nyumba kukaa kimya siku nyingi.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada yake ghasia zilizowafukuza Wakikuyu mashambani.

Sitasema mengi kuhusu siku zile. Watu wa pande zetu wanazijua, na wengine walipoteza zaidi yetu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Jirani mmoja, mtu tuliyevuna naye miaka yote, alikuja asubuhi akiwa amevaa gumbuti za mpira, akamwambia Baba kwa sauti ya chini, "Ondokeni mapema. Mimi nitaangalia ng'ombe." Tuliondoka na nguo, sufuria mbili na Biblia ya Cucu. Tulifika kwenye uwanja wa kanisa mjini Kitale, tukakuta familia nyingi zimetangulia. Watu wengine walikuwa wamepita upande wa Kipsongo, mtaa wa mabanda, na wenyeji wa huko, ambao wenyewe hawakuwa na kitu, walikuwa wamewapa maji.

Cucu alikaa kwenye kigoda kando ya ukuta. Hakulia. Alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena. Mama alimletea uji wa kanisa, akasema ameshiba. Siku iliyofuata vilevile. Mama alijua maana ya neno hilo, nami nilijua. Tulianza kuogopa.

Mama alikuwa amempigia simu jirani ya Kukhu kumwambia tuko hai. Hakuomba lolote. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe na magogo, na hakuna aliyetarajia mtu kutoka Malakisi.

Nilikuwa nikianika nguo kwenye ua wa kanisa nilipomwona Kukhu akiingia langoni. Alikuwa na kikapu kichwani na kuku chini ya kwapa. Miguu ilikuwa na vumbi hadi magotini. Nilidhani ninaota. Baadaye tulisikia safari yake kwa vipande: alipanda lori la mtu aliyemfahamu, likazuiwa, akatembea na wamama wa kanisa, akabebwa kwa baiskeli, akatembea tena. Kwenye kizuizi kimoja vijana walimuuliza anaenda wapi. Akawajibu, "Nimefuata kikapu changu kingine. Kiko kwa mkwe." Wakamwangalia, wakamwangalia kuku, wakampisha.

Alipitia mbele yangu akanigusa shavu bila kusimama. Akaenda moja kwa moja hadi ukutani alipokaa Cucu, akatua mzigo chini. Hawakuwa wameonana tangu siku ile ya sahani. Cucu alisimama, na nikaona urefu wake wote.

"Mkwe wangu," Kukhu akasema. "Umekula?"

Cucu alifungua mdomo. Nilijua neno linalokuja. Halikuja.

"Bado," akasema. "Sijakula."

Kukhu aligeuka akaniita. "Mukhana, msichana wangu, tafuta maji ya moto."

Kuku yule alichinjwa nyuma ya jiko la kanisa na kupikwa kwenye sufuria yetu. Hakukuwa na kitunguu wala nyanya. Alipikwa kwa chumvi tu, na Kukhu alisonga ugali wa wimbi na kuuweka mbele ya Cucu pamoja na paja na mchuzi. Kisha akakaa chini akiwa ameelekeza macho kwingine, ili asionekane anamwangalia. Cucu alikula polepole. Alikula yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Siku ile," akasema baadaye, akiwa bado ameshika sahani tupu, "nilikuwa na njaa sana. Nilikuwa naogopa. Nilifikiri nikikula, mtoto wangu amekuwa wenu kabisa."

"Na mimi," Kukhu akajibu, "nilifikiri ukikula, wangu amekuwa wenu." Akachukua ile sahani. "Hata hivyo, kuku wa siku ile alikuwa mtamu kuliko huyu. Ulikosa."

Cucu alicheka. Ilianza kama kikohozi, na wamama waliokaa karibu waligeuka kutazama. Mama aliingia ndani ya kanisa haraka, na nilijua anakwenda kulia mahali ambapo hatutamwona.

Barabara zilipofunguka kidogo tulikwenda Malakisi sote, isipokuwa Baba aliyerudi kuangalia shamba. Tulikaa huko wiki nyingi. Cucu alilala kitanda kimoja na Kukhu, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa. Asubuhi niliwakuta nje wakichambua wimbi, wakizungumza Kiswahili cha kuokotaokota, mmoja akiingiza Kikuyu na mwingine Kibukusu pale neno lilipokosekana. Waliendelea na hadithi za nyanya zao. Walibishana kuhusu kondoo. Cucu alimfundisha Kukhu kusuka kiondo cha mkonge, naye Cucu akajifunza kukaanga kamaleya na kuyachanganya na simsim iliyosagwa. Nakumbuka harufu hiyo ikipanda ukutani jioni, na sauti zao mbili, moja nene na nyingine nyembamba, zikirekebishana matamshi.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa historia aliniita nje ya darasa. Alikuwa amesikia tulikuwa wapi. Aliniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nyumba ilikuwa imesimama na ng'ombe walikuwepo, jirani alitimiza ahadi yake. Kisha nikasema, "Mwalimu, ile biashara ya kimya imeisha."

"Imeishaje?"

"Wameanza kuongea."

Alitikisa kichwa, akitabasamu. "Basi sasa ndio wataanza kupunjana bei," akasema, akanirudisha darasani.

Hawakupunjana. Cucu alirudi Kwanza wakati wa kupanda, akaishi miaka mingine mizuri. Alipofariki, Kukhu alikuja matanga na kukaa nasi hadi siku ya mwisho, akilala kwenye chumba cha rafiki yake. Jirani yule wa gumbuti alichimba kaburi pamoja na wajomba zangu kutoka Malakisi. Sikumbuki hotuba zilizosemwa. Nakumbuka Kukhu akitembea peke yake bondeni kwenye nduma, akiyashika majani makubwa moja moja.

Sasa mimi nina duka la nafaka Kitale. Nanunua simsim Malakisi na mahindi Kwanza, na mwanangu akiniuliza kazi yake ya shule kuhusu Ghana na Mali tunaisoma pamoja kwenye kaunta, kati ya wateja. Kukhu amezeeka sana. Mwezi uliopita nilimleta mjini kwa daktari wa macho, na tulipomaliza akataka kupita sokoni. Alisimama mbele ya mama mmoja Mkikuyu aliyeuza viazi, akamsalimia kwa Kikuyu kizuri kabisa, akamuuliza habari ya watoto na ya mvua.

Yule mama alishtuka, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Huyu si Mbukusu?" akaniuliza.

"Ni Mbukusu."

"Na hii lugha ameitoa wapi?"

Kukhu alikuwa ameshainama juu ya viazi, akivigeuza kwa vidole kimoja kimoja, akiweka vile vikubwa upande. Alijibu mwenyewe bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa na mkwe," akasema.